Imenyesha, Lakini Imepita

Jioni moja ya Januari nilimpigia mama simu kumwuliza habari ya mvua. Sisi watu wa Dodoma tunaoishi mbali na nyumbani, mwezi huo salamu huwa fupi. Hatujamaliza kuulizana afya, swali la mvua limeshatoka. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Imenyesha, mwanangu. Lakini imepita."

Nilidhani ana maana mawingu yamehamia kwingine. Nilipofika wiki iliyofuata ndipo nilipoona alichokuwa akisema. Shamba letu liko wilayani Chamwino, kwenye mteremko mdogo ambao ukisimama juu yake huuoni, ila maji yanaujua. Mvua ile ilipiga saa moja na ushei, kubwa, yenye upepo. Udongo wetu mwekundu ukipigwa na matone mazito hujifunga juu kama sakafu iliyosiribwa. Maji hayakuzama. Yaliteleza, yakachukua mbegu, yakachukua samadi iliyotolewa zizini kwa mkokoteni siku nne nzima, yakaingia korongoni kwa mngurumo ambao jirani anasema aliusikia akiwa kitandani. Siku ya tatu jua lilikuwa limesharudi. Nilichimba kwa kidole katikati ya shamba. Unyevu uliishia kwenye kiungo cha pili. Chini yake vumbi.

Nilikaa pale kwenye tuta nikapiga hesabu ambayo nilifundishwa shuleni na sikuwahi kuipeleka shambani. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Ekari ina mita za mraba 4,047 hivi. Mvua moja ya milimita 40, na za siku hizi hufika hapo bila taabu, inamwaga kwenye ekari moja lita zaidi ya 160,000. Mama huteka maji kwa ndoo ya lita 20. Hizo ni ndoo 8,000, zimetua shambani kwake bila yeye kubeba hata moja, na nyingi zimeondoka kabla hajafungua mlango asubuhi.

Dodoma hupata mvua ya kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka. Nilishangaa siku nilipojua kwamba London, mji ambao kila mtu anausema kwa mvua, haupishani sana na sisi. Tofauti ni kwamba kwao maji hayo hugawanywa kidogo kidogo mwaka mzima, na jua lao halina nguvu ya kuyarudisha angani. Kwetu yote huja kati ya Desemba na Aprili, na ndani ya miezi hiyo huja kwa mafungu machache. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, kwa hiyo inapoamua kumwaga, inamwaga kwa kishindo. Halafu kunakaa jua la wiki mbili, tatu, mmea ukiwa mchanga.

Bibi yangu alikuwa anapanda uwele kwenye udongo mkavu mwishoni mwa Novemba, akaenda zake kukata kuni. Aliiamini mvua ya kwanza, na aliamini kwamba ya pili haitachelewa sana. Siku hizi ya kwanza inaotesha na jua linalofuata linaua. Mama amewahi kupanda mara tatu katika msimu mmoja, na mbegu ya mara ya tatu aliinunua kwa kuuza mbuzi.

Karibu na Dodoma mjini kuna kijiji kinaitwa Chololo. Huko mkulima alibuni aina ya mashimo ya kupandia ambayo sasa yanatajwa kwa jina la kijiji hicho, mashimo ya chololo. Ni kitu rahisi kukieleza. Unachimba shimo lenye upana wa sentimita 22 hivi na kina cha sentimita 30. Udongo unaoutoa unauweka pembeni kama kituta kidogo cha kuzuia maji. Ndani unatia majivu kidogo ili mchwa wasisogee, unatia samadi na mabua yaliyokatwakatwa, kisha unarudishia udongo bila kulijaza shimo mpaka juu. Kutoka shimo hadi shimo ni sentimita 60, kutoka mstari hadi mstari ni sentimita 90, na mistari inakatisha mteremko. Mvua ikija kwa kishindo, kila shimo linakamata lake. Hata jua likikaa wiki tatu, mizizi ina pa kunywea.

Niliyaona mashimo hayo kwa mtu wa kijiji cha pili, katikati ya Februari, mwezi ambao shamba letu lilikuwa na rangi ya gunia. Mtama wake ulikuwa wa kijani kiasi cha kumfanya mtu asimamishe baiskeli. Nilirudi kwa mama mbio mbio nikamwambia tumepata dawa. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Mashimo mangapi?"

Sikuwa nimehesabu. Tulihesabu pamoja usiku ule kwa taa ya simu. Kwa vipimo vile, ekari moja ina mashimo yapata 7,500. Mtu mwenye nguvu, kwenye udongo wetu wa kiangazi ulio mgumu kama tofali, akichimba mashimo 100 kwa siku na kuyatia samadi amejitahidi sana. Hizo ni siku 75. Mama ana miaka sitini na nane na goti moja halimtii. Kaka yangu anaendesha bodaboda mjini. Mimi niko Dar es Salaam. Wajukuu wako shule.

Tangu usiku ule nimekuwa nikisoma na kusikiliza mambo ya kilimo na tabianchi kwa sikio jingine. Karibu kila ushauri unaotolewa kwa mkulima wa nchi kavu ni mzuri, umejaribiwa, na unafanya kazi. Na karibu kila mmoja unamtaka atoe kitu kile kile ambacho nyumba yake imepungukiwa zaidi, yaani mikono. Tunazungumza juu ya mbegu, mbolea na mvua. Siku za kazi hatuzihesabu, kwa sababu aliyezoea kuzitoa ni mwanamke, na kazi ya mwanamke shambani haijawahi kuandikiwa risiti.

Mambo haya si mageni kwetu. Ukifungua vitabu vingi vya hifadhi ya udongo vinavyotumika duniani utakuta maneno mawili ya Kiswahili ambayo hayakutafsiriwa: fanya juu. Ni mfereji unaochimbwa kukatisha mteremko, udongo ukitupwa upande wa juu, mpaka baada ya miaka shamba linajipanga ngazi. Wakamba wa Machakos walivifunika vilima vyao kwa ngazi hizo, na kazi kubwa ilifanywa na vikundi vya wanawake kwa majembe. Kaskazini mwa mkoa wetu, Kondoa, serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973. Makorongo ya kule yalikuwa yameila nchi mpaka ikawa kama mbavu za ng'ombe aliyekufa. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Miti ilirudi, nyasi zikarudi, na mtu anayepita leo hawezi kuamini picha za zamani. Lakini muulize mzee wa Kondoa, atakueleza pia habari ya familia zilizoamka bila maziwa, na ng'ombe waliopelekwa mbali kwa ndugu wasirudi. Ardhi ilipona kwa gharama, na gharama hiyo iliingia nyumba kwa nyumba.

Siku hizi kuna njia iliyo nyepesi zaidi, nami naipenda sana: kisiki hai. Shirika la LEAD Foundation limeisambaza katika vijiji vingi vya Dodoma. Huoteshi mche. Unatafuta kisiki ambacho mizizi yake bado inaishi chini, na mashamba yetu yamejaa visiki hivyo, unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, unakata mengine, unafunga kitambaa ili watu wajue kwamba huu mti una mwenyewe, kisha unausimamia usiliwe na mbuzi. Kisiki kina mizizi ya miaka mingi, kwa hiyo hakihitaji kumwagiliwa. Mama ana visiki kumi na tisa alivyovifunga vitambaa vya khanga yake kuukuu. Kazi hiyo anaiweza. Anaifanya akitoka kanisani.

Sasa nije kwenye mtama, ambao ndio hasa umenifanya nikae chini kuandika.

Mmea wa mahindi una siku za hatari katika maisha yake. Unapotoa mbelewele juu, ndevu za gunzi nazo zinapaswa kutoka chini ili zipokee chavua. Jua likiukamata mmea wakati huo, ndevu zinachelewa. Zinapotokeza, chavua imeshakufa. Unabaki na bua zuri na gunzi lenye punje kumi. Mtama una tabia nyingine. Ukikosa maji hukunja majani, husimama, hungoja. Mvua ikirudi, unaendelea pale ulipoishia. Uwele ni mvumilivu kupita hata mtama. Kila Mgogo anayajua haya kabla hajaanza shule, na watafiti wa kituo cha Hombolo, hapa hapa Dodoma, wamehangaika na mazao hayo kwa miaka mingi. Kuna mtama mfupi mweupe wa Macia unaokomaa mapema, na kuna Wahi na Hakika zinazostahimili kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama kama kupe.

Wakubwa nao wamesema muda wote. Kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ilikuja baada ya ukame wa miaka ya 1973 na 1974, na tangu utoto wangu sijawahi kusikia kiongozi amefika kijijini kwetu akaondoka bila kutamka "mazao yanayostahimili ukame". Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii ya mtama, uwele na ulezi. Pamoja na hayo yote, simama barabarani kuanzia Chamwino hadi Mpwapwa mwezi wa Februari uhesabu mashamba ya mahindi yanayokauka. Wapo wanaosema wakulima ni wabishi. Nimewasikia wakilisema hilo mbele ya mama yangu.

Nitaeleza kwa nini mama anapanda mahindi.

Mwaka niliokuwa darasa la tano, shamba letu lote lilikuwa mtama. Punje zilipoanza kuweka maziwa, kwelea kwelea wakaja. Asiyewajua anaweza kudhani nazungumzia ndege wa kawaida. Kwelea kwelea ni mdogo, uzito wake ni kama gramu 20, na kwa siku hula nafaka kama gramu 10. Kundi la ndege milioni moja, na makundi ya namna hiyo yapo, linamaliza tani 10 kwa siku. Wanakuja kama moshi. Unasikia kwanza upepo wa mabawa, kisha mtama unainama kwa uzito wao, kisha wanainuka na masuke yamebaki matupu.

Kuamia ndege huanza kabla jua halijachomoza, kwa sababu wao huanza hapo. Nilikuwa napanda kwenye dungu na kaka yangu, yeye na kombeo, mimi na debe bovu na fimbo. Tulipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mchana ndege wakipumzika tulishuka kunywa uji, saa tisa tukarudi, mpaka giza. Wiki tano. Sikuingia darasani wiki tano, na niliporudi walikuwa wamemaliza sehemu na wameanza desimali, na hesabu za sehemu nilikuja kuzielewa nikiwa sekondari. Mwalimu hakunipiga. Nusu ya darasa lilikuwa kwenye madungu.

Mahindi yamejifunga majani. Kwelea kwelea hawayawezi. Mama, ambaye baba alimwacha peke yake akiwa na watoto wanne, aliangalia watoto wake waliokosa shule wiki tano, na mwaka uliofuata akapanda mahindi. Hakuwa hajui kwamba jua litakuja. Alijua. Aliona afadhali ahangaike na jua, ambalo miaka mingine husamehe, kuliko kununua mavuno kwa masomo yetu. Leo mimi nina kazi mjini na nina uwezo wa kumtumia fedha anunue unga, kwa sababu mwanamke mmoja wa Chamwino alikwenda kinyume na ushauri wa kitaalamu.

Kwa hiyo mtu asiniambie habari ya wakulima wabishi.

Kuna na jikoni. Mtama haupikiki kirahisi. Lazima ukobolewe, na kama mashine ya kukoboa iko mbali, ni kinu na mchi, kupepeta kwa ungo, kulowanisha, kutwanga tena. Mtama mwekundu wenye ganda chungu, ambao ndege hawaupendi, binadamu nao hawaupendi bila kazi kubwa zaidi. Mweupe mtamu unapendwa na wote wawili. Hapo ndipo fumbo lote la mtama lilipo, na halitatuliwi na mbegu peke yake. Uwele wenye ndevu ndefu huwasumbua ndege kidogo, na bibi alikuwa anachanganya makusudi: uwele pembezoni, mtama ndani. Alitupikia ugali wa uwele, rangi ya majivu, na mlenda wa kukausha uliotiwa karanga. Bado nikiusikia harufu najua niko kwetu, hata kabla mtu hajanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi".

Bibi alizaliwa baada ya Mtunya, lakini alilelewa na watu walionusurika. Mtunya ndilo jina la njaa iliyoipiga Ugogo kati ya 1917 na 1920. Wengi huitaja kama njaa ya ukame, na ukame ulikuwepo. Bibi hakuisimulia hivyo. Kwake hadithi ilianza na vita. Wajerumani walipita wakachukua ng'ombe na nafaka, Waingereza wakaja wakachukua zilizobaki, na wote wawili walichukua wanaume kuwa wapagazi. Mvua ilipokosa, Wagogo hawakuwa na ghala, hawakuwa na ng'ombe wa kwenda kubadilisha na chakula kwa jirani, wala hawakuwa na watu wa kulima. Halafu mafua yale ya 1918 yakaja kumaliza. "Jua tulilijua," bibi alikuwa akisema. "Jua lilitukuta hatuna watu." Nilikuwa mdogo, nikadhani ni namna ya wazee ya kusema. Sasa nafikiri lilikuwa neno la mchumi.

Na kulikuwa na jambo jingine alilolieleza ambalo nimeanza kulielewa mwaka huu tu. Zamani shamba kubwa lililimwa kwa pombe. Mwenye shamba alipika pombe ya mtama, akaita majirani, wakalima asubuhi na jioni wakanywa na kucheza ngoma. Hakuna aliyelipwa fedha. Mtama ndio uliolipa vibarua wa mtama. Mtama ulipopungua mashambani, pombe ile ikapungua, na mwito ukapungua, na kazi ya watu ishirini ikabaki kwa mtu mmoja. Hakuna aliyelipiga kura hilo. Lilitokea tu, msimu baada ya msimu.

Mavuno yakipatikana, safari haijaisha. Yupo mdudu ambaye wakulima walimwita Scania, kama lile lori. Alitokea Amerika ya Kati, na mara ya kwanza kuonekana Afrika ilikuwa Tabora, kuelekea 1980. Jina lake la vitabuni ni dumuzi, na anayageuza mahindi kuwa unga ndani ya gunia lililofungwa. Uwele na mtama hausumbui kama anavyosumbua mahindi na muhogo mkavu. Bibi alikuwa na kilindo cha uwele, kile chombo cha gome la mti, kilichokaa misimu miwili na kikafunguliwa salama. Siku hizi kuna mifuko ya matabaka matatu: unaifunga sana hewa isipite, wadudu waliomo wanaimaliza oksijeni wenyewe na kufa bila sumu. Nimemnunulia mama kumi. Kati ya vitu vyote nilivyowahi kumletea kutoka mjini, hivyo ndivyo alivyovipokea bila swali, kwa sababu havikumwongezea kazi.

Na lipo jambo la sumukuvu, ambalo linanitisha kuliko Scania kwa kuwa halionekani. Mahindi yaliyoteseka na ukame shambani hushikwa zaidi na kuvu inayoitengeneza sumu hiyo. Mwaka 2016 watu waliugua, na wengine wakafa, hapa Dodoma na Manyara, kwa kula mahindi ya nyumbani kwao. Tangu hapo mama anayaanika mahindi juu ya turubai, na yaliyobadilika rangi hawapi hata kuku.

Nimeulizwa na rafiki zangu wa mjini, wenye nia njema, sasa kifanyike nini. Sina mpango wa taifa. Nina maoni, na nayatoa kama mtoto wa mkulima.

Mashimo, matuta na makinga maji yalipwe. Serikali na mashirika hulipa watu kuchimba mitaro ya barabara wakati wa kiangazi. Maji ya shambani kwa mama yangu nayo ni mali ya umma, kwa sababu yakipita ndiyo yanayokata barabara na kujaza mchanga kwenye mabwawa. Fedha ya kazi ya Julai ina faida kuliko gunia la msaada la Machi. Pale ambapo shamba ni kubwa na udongo unaruhusu, ng'ombe wafanye kazi hiyo: kuna jembe la kuchana mstari bila kugeuza udongo wote, na jozi moja ya maksai huchana kwa siku eneo ambalo binadamu angelichimba mwezi.

Kijiji kizima kipande mtama pamoja, wiki moja, aina moja. Shamba moja la mtama katikati ya mahindi ni karamu ya ndege wote wa kata. Mashamba mia moja yakikomaa kwa pamoja, hasara inagawanyika, na waamiaji wa kulipwa, watu wazima, wanaweza kupokezana. Makazi ya kwelea kwelea yakitolewa taarifa mapema, ndege ya kunyunyizia dawa huweza kuwafikia kabla hawajatawanyika. Ikija baada ya wiki tatu inawakuta wameshashiba. Sitaki mtoto yeyote arudi kwenye dungu kwa ajili ya tabianchi ambayo hakuiharibu yeye.

Mashine ya kukoboa iwepo pale pale ya kusaga ilipo. Na mnunuzi awepo. Viwanda vya bia vimenunua mtama mweupe wa Dodoma, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani nalo limenunua, na mwaka ambao lori la mnunuzi lilifika kijijini kwetu mtama uliongezeka shambani msimu uliofuata bila hotuba yoyote. Mwaka ambao lori halikuja, watu walikaa na magunia mpaka wakayauza kwa bei ya kutupa mnadani. Wanakumbuka miaka yote miwili.

Mwezi wa Juni nilikwenda nyumbani nikiwa na fedha ya mbolea. Mama alizihesabu, akazirudisha nusu mkononi mwangu. "Hii ya mbolea itaondoka na maji," alisema. "Nitafutie watu." Tukakubaliana: hatutachimba ekari nzima. Tutachimba robo ekari kila kiangazi, upande wa juu kwanza, ili maji yakamatwe kabla hayajapata mbio. Robo ekari ni mashimo 1,870 hivi, nayo ukishayachimba unayatumia zaidi ya msimu mmoja kwa kuyafufua tu. Vijana wawili wa jirani wanachimba kwa malipo, asubuhi tu, kabla jua halijawa kali. Mama anatia majivu na samadi akiwa amekaa kwenye kigoda, anasogea nacho mstari kwa mstari. Kila jioni ananipigia simu kunipa hesabu, na mimi ninaiandika kwenye daftari lenye jalada la bluu.

Katika mashimo ya juu atatia mtama wa Macia, pembezoni uwele wenye ndevu. Chini, karibu na nyumba, ameacha kipande cha mahindi. Nilitaka kumwuliza kwa nini, kisha nikakumbuka wajukuu wanavyopenda mahindi ya kuchoma, na nikanyamaza.

Majirani wanne wamekuja kuangalia. Mmoja, mama mjane wa rika lake, amesema mtama ukikomaa watafungua dungu moja la mashamba mawili, na atapika pombe kidogo kama ya zamani kuwaita watu wakati wa kuvuna. Mama alilisimulia hilo mara mbili katika simu moja.

Jana usiku alipiga tena. Upepo ulikuwa unavuma upande wake, sauti ikawa inakatika.

"Leo tumefika 1,260," alisema. "Goti limekataa, nimewaacha wale vijana wamalize mstari. Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Mwezi wa kumi ukikuta bado hatujamaliza, njoo. Usilete fedha. Lile jembe lako la mpini mfupi bado liko nyuma ya mlango."